Mtumwa Hakuachiwa Kalamu: Upinzani dhidi ya Utumwa katika Maandishi ya Warumi

Utangulizi

Wengi wetu katika idara za Kiswahili tumeingia Roma ya kale kwa mlango mmoja, nao ni tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Wanafunzi huikumbuka hotuba ya Antony mbele ya maiti. Huwakumbuka pia Brutus na Cassius na majambia yao. Ni wachache sana wanaomkumbuka Pindarus.

Pindarus ni mtumwa wa Cassius, mateka aliyechukuliwa katika vita vya Parthia. Cassius anapoona vita vimemwendea kombo, anamwamuru amchome kwa upanga uleule uliomuua Kaisari, na malipo ya kazi hiyo ni uhuru. Pindarus anatii, anasema kwa ufupi kwamba hakuutaka uhuru kwa njia hiyo, kisha anakwenda zake mbali, mahali ambapo hakuna Mrumi atakayemwona. Basi. Mchezo unaendelea bila yeye.

Shakespeare aliichota habari hii kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi katika karne ya 1 na ya 2 BK. Kwa Plutarch, Pindarus amekwisha kuachwa huru, ila bado anamtumikia bwana wake wa zamani. Zaidi ya hayo, Plutarch anaongeza neno moja ambalo tamthilia imeliacha: kwamba baada ya siku ile Pindarus hakuonekana tena, na kwa sababu hiyo wako waliodhani kwamba alimuua Cassius bila kuamriwa.

Je, Pindarus alikuwa mtumishi mwaminifu au mtu aliyeiona nafasi yake akaitumia? Hatuwezi kumuuliza. Waliosimulia ni wengine. Katika makala haya tunakusudia kulipanua swali hilo moja hadi kwenye maandishi kadhaa ya Warumi na Wagiriki yanayohusu watumwa waliokataa utumwa wao. Hoja yetu ni kwamba karibu kila tunachokijua kuhusu upinzani huo kimeandikwa na mabwana au na rafiki wa mabwana. Hivyo, mhakiki hana budi kusoma lawama kama ushahidi, kicheko kama hofu, na kimya kama jambo lililofichwa. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Huenda msomaji akauliza haya yanaihusu nini idara ya Kiswahili hapa Uganda. Yanaihusu sana. Wako wazazi, hata wanafunzi, ambao hadi leo huiona lugha yetu kuwa ni lugha ya askari na ya misafara ya watumwa. Mwalimu akiulizwa juu ya maneno kama mtumwa, kijakazi na mtoro, mara nyingi huyapitia haraka haraka kwa aibu. Sisi tunaona kwamba maneno haya yanastahili kusomwa kwa utulivu, na kwamba mfano wa mbali kama Roma unaweza kutusaidia kuusoma ule wa karibu.

Zana inayosema

Tuanze na watu waliowaandikia wenye mashamba. Mwaka 37 KK, Varro, akiwa mzee wa miaka themanini hivi, alitunga kitabu cha kilimo. Humo anaeleza mgawanyo wa zana za shamba katika mafungu matatu: zana bubu, kama vile magari ya kukokotwa, zana zenye nusu ya sauti, yaani ng'ombe, na zana zinazosema, yaani watumwa.

Mwanafunzi wa isimu atagundua mara moja kinachotendeka hapa. Varro anapanga ngeli. Anamtoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu, kisha anabaki na tatizo: kitu hiki kinazungumza. Lugha ndiyo iliyomzuia kuikamilisha kazi yake. Kama mtumwa angekuwa chombo kweli, asingehitaji fungu la peke yake.

Katika Kiswahili tunalo jambo linalofanana na hilo. Maneno kijakazi na kitwana yana kiambishi cha KI-VI, kile tunachokitumia kwa viti na visu. Lakini hakuna msemaji anayesema "kijakazi kimekuja". Tunasema kijakazi amekuja, vijakazi wamekuja. Kiambishi cha nomino kinamdunisha mtu, ila upatanisho wa sarufi unamrudisha kwenye ubinadamu wake. Mfano huu wa ngeli unafaa kufundishwa pamoja na historia yake badala ya kutajwa tu kama mojawapo ya nomino zinazokiuka kanuni.

Cato, aliyekufa mwaka 149 KK, alikuwa amekwisha kutangulia na kitabu chake cha kilimo. Yeye humshauri mwenye shamba auze ng'ombe wazee, zana zilizochakaa, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa, vyote katika orodha moja. Hata Plutarch, ambaye naye alikuwa na watumwa, aliandika kwamba hilo ni jambo la mtu mwenye moyo mgumu kupita kiasi. Lakini kurasa hizo hizo za Cato zina jambo jingine. Anaeleza jinsi nyapara atakavyojitetea bwana akija kukagua kazi: watumwa waliugua, hali ya hewa ilikuwa mbaya, watumwa walitoroka, tulitakiwa kufanya kazi za serikali. Cato anaorodhesha visingizio ili bwana asidanganyike. Sisi tunaviona kama kumbukumbu ya mvutano wa kila siku. Nyapara mwenyewe alikuwa mtumwa, na alijua kwamba "walitoroka" ni neno ambalo bwana angeliamini, kwa kuwa watumwa kweli walikuwa wakitoroka.

Baada ya zaidi ya karne mbili, Columella anarudia malalamiko kwa kirefu. Mashamba yaliyo mbali na macho ya bwana, anasema, huharibiwa na watumwa: wanawakodisha ng'ombe kwa watu wengine, hawawalishi vizuri, wanalima juu juu, wanaandika kwamba wamepanda mbegu nyingi kuliko walizopanda, na mavuno yanaibwa au kupunguzwa katika hesabu. Yeye anauita huu ulegevu na wizi. Tukiisoma orodha yake kwa mpangilio wa mtendwa, tutaona kitu kingine: mtu anayefanya kazi bila ujira amejipimia mwenyewe kiasi cha kazi atakachotoa, na amejilipa mwenyewe kwa kipimo cha nafaka. Hatudai kwamba kila mtumwa aliyelima juu juu alikuwa mwanamapinduzi. Wengine walikuwa wamechoka tu. Ila malalamiko yanayodumu kwa karne nzima nzima hayawezi kuelezwa kwa tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja.

Shingo iliyoandikwa

Upinzani wa kawaida zaidi ulikuwa utoro. Sheria ya Kirumi ilimtaka muuza watumwa amweleze mnunuzi kama mtu anayeuzwa ana ugonjwa, kama ni mtoro au kama ni mzururaji. Ilibidi wanasheria wajadili maana za maneno haya kama tufanyavyo sisi katika somo la semantiki. Aliyechelewa kurudi je? Aliyekimbilia kwa rafiki wa bwana ili amwombee msamaha je? Huyu wa pili, walisema, si mtoro, kwa sababu hakukusudia kutorudi. Kwa maneno mengine, walikubali kwamba kiini cha utoro ni nia. Ile sheria iliyomhesabu mtumwa kuwa mali ilijikuta ikichunguza nia ya mali hiyo. Jembe halina nia.

Wako watoro waliojua kusoma kuliko waliowafukuza. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alikuwa na mtumwa aliyeitwa Dionysius, mtunza maktaba yake. Dionysius aliiba vitabu, akakimbilia ng'ambo ya bahari, huko Illyricum. Katika miaka ya 46 na 45 KK Cicero aliwaandikia wakubwa wa eneo hilo akiomba wamsaidie kumkamata, na mmoja wao, Vatinius, aliahidi kutoacha kumsaka. Kila tunachojua juu ya mtu huyu kimo ndani ya barua za anayemtafuta. Alisoma vitabu gani usiku? Alivichukua ili aviuze, au avisome? Alikuwa na kalamu na wino kila siku mkononi, lakini maneno aliyoyaandika yalikuwa ya bwana wake.

Mfano mchungu zaidi ni ule wa mikufu ya chuma. Makumi kadhaa ya mikufu na vibati vya shingoni vimepatikana, vingi ni vya karne ya 4 na ya 5 BK. Mmoja, unaojulikana kwa jina la mwenye mtumwa, Zoninus, una maandishi yanayosema kwamba mvaaji ametoroka, kwamba anayemwona amkamate, na kwamba akimrudisha kwa Zoninus atapewa sarafu ya dhahabu. Maandishi hayo yametungwa katika nafsi ya kwanza umoja. Mwenye kusema ni "mimi", na huyo "mimi" anaomba akamatwe!

Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi kwamba nafsi ya kwanza humleta msomaji karibu na mhusika. Mkufu wa Zoninus unatuonya. Nafsi ya kwanza inaweza kuwa mdomo wa mtu mwingine uliofungwa kwenye shingo ya anayesemewa. Hata hivyo, mkufu huu una ushuhuda ambao bwana hakuukusudia. Hakuna anayemvisha mtu kibati cha namna hiyo isipokuwa mtu huyo amekwisha kukimbia, au inaaminika atakimbia.

Kicheko cha mtumwa mjanja

Tuje sasa kwenye fasihi yenyewe. Tamthilia za kuchekesha za Plautus, aliyefariki mwaka 184 KK, zimejaa watumwa wajanja. Pseudolus, katika tamthilia inayoitwa kwa jina lake na iliyochezwa mwaka 191 KK, anatangaza waziwazi kwamba atamlaghai bwana wake, kisha anamlaghai. Tranio, katika Mostellaria, anamdanganya bwana aliyerudi safari kwamba nyumba yake imeingiwa na mzimu. Uongo unapofichuka, anakwenda kukaa juu ya madhabahu, mahali ambapo hawezi kukamatwa, na anasamehewa huku akitania kwamba hata kesho atakosa tena.

Wahakiki wamegawanyika kuhusu mhusika huyu. Wako wanaomwona kuwa sauti ya wanyonge. Wako wanaosema alikuwa kichekesho cha sikukuu tu, kilichowapumzisha mabwana na kuwarudisha nyumbani salama. Sisi tunaona kila upande umeshika nusu ya ukweli, na kwamba ushahidi wa kuamulia umo katika muundo wa tamthilia zenyewe.

Kwanza, mandhari ni ya Ugiriki na mavazi ni ya Kigiriki, hata pale vichekesho vinapozungumza Kirumi kabisa. Mtazamaji aliweza kusema: hao ni Wagiriki, si sisi. Pili, ujanja wa mtumwa kwa kawaida hutumika kumpatia bwana kijana mwanamke anayempenda. Ni mara chache ujanja huo unatumika kumpatia mtumwa uhuru wake. Tatu, katika tamthilia ya Captivi, Tyndarus, mtumwa mwenye moyo wa kishujaa aliyebadilishana jina na bwana wake ili bwana arudi kwao, anapelekwa machimboni kuteswa. Mwishoni inagunduliwa kwamba alizaliwa huru, tena ni mtoto wa mzee yuleyule aliyemtesa. Mtunzi alithubutu kumpa mtumwa utu kamili, halafu akaogopa, akamgeuza kuwa si mtumwa.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo lisilofutika. Utani wa Plautus kuhusu mijeledi, minyororo, vinu vya kusagia na misalaba unarudi katika kila mchezo. Watazamaji walicheka kwa sababu walivijua vitu hivyo. Uwanjani walikaa mabwana na, nyuma yao au kando, hata watumwa. Kicheko kimoja kilikuwa na maana mbili kwa watu wawili waliokaa hatua chache baina yao.

Inafaa tukumbuke pia kwamba mtunzi mkubwa wa pili wa vichekesho, Terence, kwa mujibu wa wasifu wake wa kale, alizaliwa Carthage, katika pwani ya kaskazini ya bara letu, akawa mtumwa Roma, akasomeshwa na bwana wake, akaachwa huru. Na Phaedrus, aliyetunga hurafa kwa Kilatini katika karne ya 1 BK, anatajwa kuwa alikuwa mtumwa aliyeachwa huru wa Augustus. Ni yeye aliyetupa kauli ambayo kila mwalimu wa fasihi simulizi angepaswa kuijua. Anaeleza kwamba hurafa ilibuniwa na mtumwa asiyethubutu kusema alilotaka, hivyo akayahamishia mawazo yake kwenye visa vya wanyama. Kauli hiyo tunaweza kuiweka kando ya hadithi za Sungura tulizolelewa nazo, ambamo mdogo humshinda Simba na Fisi kwa maneno. Hatusemi kwamba Sungura alitoka Roma, hasha. Tunasema kwamba pale ambapo kusema wazi kuna adhabu, wanadamu wa nchi mbalimbali wameona wanyama wanaweza kusema kwa niaba yao.

Mashujaa ndani ya vitabu vya adui

Upinzani wa silaha ndio uliopata wino mwingi. Mwaka 135 KK hivi, katika mji wa Enna kisiwani Sicily, watumwa wa tajiri Damophilus, aliyesifika kwa ukatili, waliamka pamoja na wenzao wapatao 400. Kiongozi wao alikuwa Eunus, mtumwa kutoka Apamea, Syria, aliyejulikana kwa utabiri na kwa kutoa moto mdomoni. Alijitangaza mfalme kwa jina la Antiochus. Jeshi lake lilikua hata vyanzo vikataja watu 200,000, hesabu ambayo wanahistoria wengi wanaona imetiwa chumvi. Vita vilimalizwa na konsuli Rupilius mwaka 132 KK.

Msimulizi wetu mkuu ni Diodorus, mwenyeji wa Sicily, aliyeandika karibu miaka mia baadaye, na maelezo yake yametufikia katika vipande vilivyonakiliwa na Wabizanti. Diodorus anamkejeli Eunus: moto ule, anasema, ulitoka kwenye kifuu kilichotobolewa, na mwisho wake alikutwa pangoni pamoja na mpishi, mwoka mikate, mtumishi wa bafuni na mchekeshaji wa karamuni. Ni taswira ya mfalme wa kuigiza. Lakini Diodorus huyohuyo anasimulia kwamba binti wa Damophilus, aliyekuwa akiwafariji watumwa waliopigwa, hakuguswa. Alisindikizwa kwa heshima hadi kwa ndugu zake. Mama yake, Megallis, alikabidhiwa kwa vijakazi aliokuwa akiwatesa, nao hawakumwachia. Anaeleza pia kwamba watumwa hawakuchoma mashamba wala ghala, wakifikiria maisha ya baadaye, ilhali maskini huru waliotumia ghasia ndio waliopora na kuchoma. Diodorus mwenyewe anakiri kwamba ukatili wa watumwa ulikuwa malipo ya waliyotendewa. Kejeli inasema hili, matukio yanasema lile. Mhakiki afuate matukio.

Katika vita hivyo tunacho kitu kimoja adimu: sarafu ndogo ya shaba kutoka Enna, yenye jina la mfalme Antiochus, ambayo wanahistoria wengi wanaihusisha na Eunus. Kama ndivyo, hayo ndiyo maneno machache sana ya waasi wenyewe yaliyotufikia, na yanasema "mfalme", si "mtabiri" wala "mchezaji wa moto".

Spartacus ni maarufu zaidi. Mwaka 73 KK yeye na wenzake wapatao 70, wapiganaji wa uwanjani waliofungiwa katika shule ya Lentulus Batiatus huko Capua, walitoroka wakiwa na visu na mishikaki ya jikoni. Walipanda mlima Vesuvius, wakazingirwa, wakasuka kamba za mizabibu mwitu na kushuka upande ambao haukulindwa. Kwa miaka miwili walishinda majeshi kadhaa ya Roma. Crassus aliwashinda mwaka 71 KK, na mateka 6,000 walitundikwa misalabani kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma. Mwili wa Spartacus haukupatikana.

Tazama mahali habari hizi zilipowekwa. Plutarch hakuandika maisha ya Spartacus. Aliandika maisha ya Crassus, na Spartacus ni sura chache ndani yake. Anapotaka kumsifu, anasema alikuwa na akili na upole kama Mgiriki kuliko kama Mthrasia. Sifa inatolewa kwa masharti kwamba msifiwa atolewe kwanza katika kabila lake. Anamtaja mkewe, nabii wa kabila hilohilo aliyetoroka pamoja naye, bila kutupa jina lake. Appian, kwa upande wake, anatuachia mambo mawili yenye uzito: kwamba Spartacus aligawa nyara sawasawa, na kwamba alipiga marufuku dhahabu na fedha kambini, akiruhusu chuma na shaba tu. Hapo ndipo tunapoona fikra za watu hawa, katika namna walivyogawana vitu, kwa kuwa hotuba zao hazikuhifadhiwa.

Hata hivyo, tusimgeuze Spartacus kuwa mtu wa karne yetu. Riwaya ya Howard Fast ya mwaka 1951 na filamu ya mwaka 1960 zilimfanya mpiganaji wa ukombozi wa wanadamu wote. Hakuna chanzo cha kale kinachosema alikusudia kuufuta utumwa duniani. Appian anasimulia kwamba aliwatoa mateka 300 wa Kirumi kuwa kafara kwa mwenzake Crixus aliyeuawa. Eunus naye aliwatia pingu mafundi wa Enna ili wamfulie silaha. Walikataa kuwa watumwa wao wenyewe. Hilo ni kubwa, na halihitaji kupambwa. Uhakiki unaompamba mtumwa unamnyima sauti kama ule unaomtukana.

Nyumba ya watu 400

Kisa cha mwisho ni kile ambacho tungependa kila mwanafunzi akisome. Mwaka 61 BK, mkuu wa mji wa Roma, Pedanius Secundus, aliuawa na mtumwa wake mmoja. Tacitus anataja sababu mbili zilizosemwa: walikuwa wamepatana bei ya uhuru kisha bwana akakataa, au waligombea mapenzi. Kwa desturi ya zamani, watumwa wote waliokuwa chini ya paa moja walipaswa kuuawa. Walikuwa 400, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo.

Watu wa kawaida wa Roma walikusanyika kupinga. Seneti ilijadili. Tacitus anampa nafasi ndefu seneta Gaius Cassius Longinus kueleza kwa nini lazima wote wafe: umati wa watumwa kutoka mataifa mengi hauwezi kuzuiwa ila kwa hofu. Wapinzani wake wanapewa sentensi za kupita tu, kelele za huruma kwa idadi, umri na wanawake. Umati ulishika mawe na mienge. Nero akaijaza barabara askari, na wale 400 wakapitishwa wakauawe.

Muuaji hana jina. Hakuna hata mmoja katika wale 400 aliye na jina. Hotuba ndefu ni ya anayeua. Lakini isome hotuba hiyo kwa makini utaona inaungama jambo: mabwana hawalali. Seneca, aliyeishi wakati huohuo, anataja methali ya Kirumi kwamba idadi ya watumwa wako ndiyo idadi ya adui zako. Sisi tungesema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye pia anasimulia kwamba Seneti iliwahi kupendekeza watumwa wavae vazi la kuwatofautisha, kisha ikatambua hatari: watumwa wangeanza kutuhesabu. Dola iliyoogopa kuhesabiwa ilijua kwamba utulivu wa watumwa haukuwa ridhaa.

Kauli ya kutendwa na mtendaji

Turudi kwenye maneno yetu. Wanasheria wa Kirumi walidai neno lao la mtumwa, servus, latokana na kuhifadhi: mateka ambaye amiri jeshi hakumuua, akamuuza. Kwa maelezo hayo, utumwa ni hisani. Neno letu ni kweli zaidi. Mtumwa latokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa, yaani mtu anayetumwa. Mtendaji ni mwingine, naye hatajwi. Neno mtoro ni kinyume chake. Kutoroka ni tendo analolitenda mwenyewe, na hakuna awezaye kutoroshwa akaitwa mtoro kwa haki. Katika karne ya 19 watoro wa pwani ya Kenya walianzisha makazi yao, kama vile Fuladoyo, na wengine walipokelewa Witu. Neno lililotungwa kuwa lawama likawa jina la watu waliojijengea kijiji.

Mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani nyumbani kwa bwana, lina mwenzake wa Kilatini, verna. Luganda lina omuddu na omuzaana. Jamii zetu nazo zilikuwa na mabwana na watumwa. Mwanafunzi anayesema utumwa uliletwa na lugha moja aonyeshwe orodha hii, si kwa kumshinda, bali ili aone kwamba kila lugha yetu imehifadhi ushahidi wa waliotumwa na waliokataa.

Tunapendekeza zoezi moja kwa walimu wa muhula ujao. Wape wanafunzi kipande cha maandishi ya bwana, liwe lalamiko la Columella, hotuba ya Cassius Longinus, au tangazo lolote la zamani la kumtafuta mtoro. Wakiandike upya kwa Kiswahili, mtumwa akiwa kiima cha kila sentensi. Asibuniwe hisia wala jina. Vitenzi tu vibadilishwe kutoka kauli ya kutendwa kwenda ya kutenda. Watapata ukurasa mfupi kuliko ule wa awali, wenye mapengo mengi. Wasiyajaze mapengo hayo. Wayahesabu.